Tahadhari: Konda Anaondoka na Sauti Yake

Miji yetu inaanza kunyamaza.

Ukisimama Kariakoo saa kumi na moja jioni utasema nimerukwa na akili. Honi kila upande, spika za maduka, wapiga debe wanagombania abiria, konda anapiga bodi ya gari kwa kiganja: "Mbagala, Mbagala, Rangi Tatu!" Kelele tupu. Lakini angalia kinachokuja kuchukua nafasi ya kelele hizo. Basi refu lisilo na konda. Geti la kadi. Jina la mwisho wa safari limeandikwa kwa taa juu ya kioo cha mbele. Pikipiki ya umeme inakupita begani na hukuisikia ikija.

Kwa anayeona, hayo ni maendeleo. Kwa asiyeona, ni kunyang'anywa njia ya kusafiri aliyonayo leo kabla hajapewa nyingine.

Madhara hayajaenea bado. Yakienea yatakuwa yamemwagiwa zege na kufungwa kwa mikataba ya miaka mingi.

Daladala haikubuniwa kwa ajili ya wasioona. Inabana, inakatisha ruti, inaondoka abiria akiwa na mguu mmoja chini. Siitetei. Hata hivyo wasioona huipanda kila siku, wengi wao peke yao, na sababu ni moja: daladala ina sauti.

Tazama kwa karibu. Mtu mwenye fimbo nyeupe amesimama kituoni. Hasomi ubao wa mbele wala haoni mstari wa rangi ubavuni mwa gari, na hana haja navyo, kwa sababu gari likiwa bado mbali konda ameshaanza kuita. Likisimama, konda haachi kuita, kwa hiyo sauti yake ndiyo inayoonyesha mlango ulipo. Abiria anaifuata. "Mama, mlango huu hapa. Ngazi mbili. Shika bomba." Njiani sauti inaendelea: "Mtongani wapo? Zakhem wapo?" Kila "wapo" inamwambia amefika wapi na amebakiza vituo vingapi. Akitaka kushuka anasema neno moja tu, "Shusha!", na konda anapiga bodi.

Hakuna serikali iliyolipia huduma hiyo wala mfadhili aliyeizindua kwa kukata utepe. Imetokana na ushindani wa kutafuta abiria. Na kwa kuwa haikuandikwa popote, inaweza kuondolewa bila mtu yeyote kuiandikia barua ya kwaheri.

Ndivyo inavyoondolewa.

Hata wapiga debe, ambao kila mkuu wa stendi huwafukuza kwa zamu (na nakiri stendi hupumua wakiondoka), walikuwa ratiba pekee ya kusikika tuliyowahi kuwa nayo. Wanaondolewa, na mahali pao panawekwa ubao.

Mabasi ya Mwendokasi yalianza kazi Dar es Salaam Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Mengi yalifanywa vizuri, na haki yake isemwe: sakafu ya kituo iko usawa na sakafu ya basi, hakuna ngazi za kupanda, njia ni ya kwake peke yake. Mtu wa kiti cha magurudumu aliyewahi kubebwa mgongoni kuingia kwenye daladala anajua maana ya hilo. Sasa mfumo huo unapelekwa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Nairobi nayo ina mipango ya mabasi ya aina hiyo. Huko ndiko usafiri unakoelekea na hakuna kurudi.

Lakini ingia kituoni ukiwa umefumba macho.

Jukwaa moja linahudumia mabasi ya njia tofauti. Basi linaingia. Ni la Gerezani au la Kivukoni? Jibu limeandikwa kwa taa, mbele, juu. Hakuna konda wa kuita. Unauliza, "Jamani, hili la wapi?" Watu wanasukumana, kila mmoja anapigania mlango, na anayekujibu anakujibu milango ikiwa inafungwa. Ukipanda la kwanza kwa kubahatisha, umebahatisha maisha yako ya siku hiyo. Ndani, spika ikiwa imezimwa au imekufa, unabaki kuhesabu vituo kwa kichwa. Dereva akiruka kimoja, hesabu yote imeharibika. Unashuka Jangwani ukidhani uko Fire.

Halafu kuna pengo. Dereva akilisogeza basi vizuri, pengo kati ya jukwaa na sakafu ni la kuvuka bila kufikiri. Akiliacha mbali, mguu unaingia. Anayeona anaruka. Asiyeona ameambiwa kwamba hapa ni usawa, na ameamini.

Spika. Basi lina spika, au linaweza kufungwa spika. Gharama yake ukiilinganisha na bei ya basi ni chenji. Uingereza wamelifanya hili kuwa sharti: kanuni za mwaka 2023 zinataka mabasi ya abiria yatangaze kwa sauti na kwa maandishi njia, uelekeo na kituo kinachofuata, na utekelezaji unakwenda kwa awamu hadi Oktoba 2026. London ilikuwa imeshatangulia. Mabasi yake yamekuwa yakitaja vituo kwa sauti tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Hawakungoja huruma ya dereva. Spika ikifa, basi lina hitilafu, kama breki zikifa.

Sisi tungeweza kuanza pale walipofikia wao, kwa sababu mabasi yetu mengi bado hayajanunuliwa.

Hilo ni la ndani ya basi. La barabarani ni baya zaidi, na linakuja haraka zaidi.

Asiyeona huvuka barabara kwa masikio. Anasikiliza injini: iko wapi, inakuja au inaondoka, inapunguza mwendo au inaongeza. Injini ya petroli humwambia yote hayo bila kuulizwa. Mota ya umeme ikiwa katika mwendo mdogo haisemi kitu. Kuanzia mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi, matairi na upepo huanza kusikika. Chini ya hapo, yaani kituoni, njia panda, kwenye kivuko cha pundamilia, mahali penyewe watu wanapotembea, kuna kimya.

Kimya kinagonga.

Utafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine uliochapishwa mwaka 2024 ulichambua ajali za Uingereza za miaka 2013 hadi 2017. Ulikuta kwamba kwa umbali ule ule uliotembewa, magari ya umeme na ya mseto yaliwagonga watembea kwa miguu kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya magari ya petroli na dizeli. Waliogongwa humo ni watu wa kila namna, wengi wenye macho yao mazima. Basi piga hesabu kwa asiye nayo.

Ulaya ilichukua hatua. Tangu Julai 2019 kila aina mpya ya gari la umeme linaloingia sokoni lazima litoe sauti ya tahadhari likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, na tangu Julai 2021 sharti hilo linahusu kila gari jipya la umeme. Marekani nayo ina sheria ya namna hiyo. London mwaka 2020 ilianza kuyafungia mabasi yake ya umeme sauti iliyotungwa mahsusi, ikianza na njia namba 100. Mambo haya yameshafanyiwa kazi. Hakuna cha kugundua upya.

Ila kanuni hizo zina tundu, na sisi ndio tutakaotumbukia humo. Zinahusu magari ya magurudumu manne na kuendelea. Pikipiki hazimo. Walioziandika walikuwa wakifikiria barabara za kwao, ambako pikipiki si usafiri wa umma. Kwetu bodaboda ndiyo inayomaliza safari: inakutoa kituoni na kukufikisha mlangoni. Bajaji vilevile. Na hizo hizo ndizo zinazogeuka za umeme kwa kasi kuliko chombo kingine chochote. Kigali, pikipiki za umeme zimebeba abiria kwa miaka kadhaa, na Rwanda imeamua kwamba kuanzia 2025 pikipiki mpya za biashara zitakazosajiliwa mjini humo ziwe za umeme. Kenya ilizindua mpango wake wa bodaboda za umeme Mombasa, Septemba 2023. Mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi tangu 2022. Dar es Salaam nayo pikipiki za umeme zimeshaingia, na ziko njiani kuongezeka.

Sizipingi. Moshi wa dizeli tumeuvuta vya kutosha. Napinga kimya.

Na bodaboda haikai barabarani tu. Foleni ikikaza inapanda njia ya waenda kwa miguu, inakatiza kituoni, inakuja upande usio wake. Leo asiyeona huiepuka kwa sababu huisikia na kusimama. Mwondolee mlio huo, kisha mwambie atembee.

Kuna watakaosema dereva apige honi. Honi hupigwa na aliyekuona. Aliyekodolea macho simu yake ya kupokea maombi ya abiria hapigi honi. Tena honi inakuambia kuna hatari. Haikuambii iko upande gani na inakwenda wapi. Watakaosema tunataka kurudisha kelele mjini nao wajibiwe: sauti inayotakiwa ni ya chini, ya mwendo mdogo tu, na chombo kikishika kasi inajizima.

Niseme kidogo kuhusu vigae vya njano, kwa sababu navyo vimeanza kuwa hatari.

Mwaka 1967, katika mji wa Okayama nchini Japani, vililazwa kwa mara ya kwanza vigae vilivyobuniwa na Seiichi Miyake, karibu na shule ya wasioona. Lugha yake ni nyepesi. Mistari iliyoinuka: endelea. Vinundu: simama, kuna kitu mbele. Fimbo na nyayo huvisoma. Dunia nzima imevichukua, nasi tunaviona sasa kwenye baadhi ya vituo na njia mpya. Tatizo ni fundi aliyeambiwa "weka vigae vya njano" asiambiwe kwa nini. Anaweka mistari mahali pa vinundu. Anaukata mstari kwenye kona. Anaupeleka moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya taa na hapo anaishia, kazi imekwisha, picha zimepigwa. Akimaliza fundi, anakuja mwenye meza ya mihogo, na bodaboda sita zinaegeshwa juu yake. Mfuniko wa mtaro ulio kando umeshauzwa chuma chakavu.

Mstari mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na mstari. Pasipo na mstari, asiyeona hutembea kwa tahadhari. Penye mstari huongeza mwendo, kwa sababu ameuamini.

Kwenye stesheni za treni jambo hili halina mjadala. Treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria Tanzania mwaka 2024, kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Ukingo wa jukwaa la treni usipokuwa na vinundu vinavyosomeka kwa mguu, au ukiwa navyo na mtu akapanga mizigo juu yake, kosa ni moja na halirudiwi.

Kuna kundi jingine tunalisahau kabisa, na pengine ndilo kubwa zaidi. Wenye uoni hafifu. Wengi wao hawabebi fimbo. Wanatembea kama wewe. Wengi wa watu wenye ualbino wamo humu. Macho yao huumizwa na mwanga, na maandishi ya mbali hawayapati. Mtu huyu akimuuliza konda "hili la wapi?" anajibiwa "si limeandikwa hapo?" Akikosea ngazi anaitwa mlevi. Mahitaji yake ni ya bei nafuu kuliko ya wote: herufi kubwa, nyeusi juu ya njano au nyeupe juu ya nyeusi, ukingo wa ngazi uliopakwa rangi inayoonekana, bomba la kushikia lisilofanana rangi na ukuta. Badala yake tunampa kituo cha kijivu, sakafu ya kijivu, ngazi za kijivu, na ubao wenye maandishi ya taa yanayokimbia. Jua la saa saba likiupiga ubao huo, hata mimi siambulii kitu.

Na simu. Barabara ya Jangwani ikijaa maji, safari hubadilishwa na tangazo husambazwa. Husambazwa kama picha: bango lenye nembo, limepigwa picha na kutupwa kwenye makundi ya WhatsApp. Programu ya simu inayomsomea asiyeona ikifika hapo mara nyingi husema neno moja, "picha". Andikeni maneno chini ya picha. Ni kazi ya dakika mbili.

Tukinyamaza na sisi, hiki ndicho kitakachotokea.

Asiyeona ataanza kusafiri na mtu. Nauli mbili kila safari, kwenda na kurudi. Kwa mwalimu, kwa mwanafunzi wa chuo, kwa anayefanya kazi ya masaji, hesabu hiyo haimalizi mwezi. Anayemsindikiza mara nyingi ni mtoto, na mtoto huyo ana shule. Asiye na wa kumsindikiza atachukua bodaboda ya mlango kwa mlango, kwa bei mara kadhaa ya basi, akiwa juu ya chombo kinachoongoza kwa kujaza wodi za mifupa. Asiyeweza hayo atabaki nyumbani. Hatalalamika kwa sauti, kwa sababu aliyebaki nyumbani haonekani kituoni. Kisha mtu wa mipango atatazama kituo, asimwone asiyeona hata mmoja, na kuandika kwenye ripoti kwamba mahitaji ni madogo.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataja usafiri wa umma kwa jina. Kwa hiyo msituambie tusubiri sheria. Wasimamizi wa usafiri, LATRA ya Tanzania na NTSA ya Kenya, hutoa leseni. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya nchi hizo, huweka viwango vya kinachoingia nchini. Nguvu iko pale leseni inapogongwa muhuri na kontena linapofunguliwa bandarini.

Yanayotakiwa sasa ni machache.

Basi lisilotaja njia yake mlangoni na kituo kinachofuata ndani lisipewe leseni ya mjini. Spika ikaguliwe kila asubuhi na breki. Dereva asiwe na swichi ya kuizima ili asikilize taarabu yake.

Pikipiki, bajaji na basi la umeme visisajiliwe bila sauti ya mwendo mdogo. Kiwango kiandikwe kwetu, kwa vyombo vyetu, mwaka huu, wakati vilivyopo bado vinahesabika na waunganishaji bado ni wachache. Vikishakuwa laki kadhaa hakuna atakayevirudisha gereji.

Kila kituo kabla hakijapokelewa kutoka kwa mkandarasi kipitiwe na wasioona na wenye uoni hafifu wenyewe, kwa miguu yao, mhandisi akiwa nyuma akiandika. Wakikwama kwenye nguzo, mkandarasi asilipwe. Waitwe mapema pia, mchoro ukiwa bado mezani; kipimo huchukuliwa kabla ya kukata kitambaa. Kuwaalika Oktoba 15, Siku ya Fimbo Nyeupe, wakavae fulana na kusikiliza hotuba, si kuwashirikisha.

Na mashine za tiketi ziwe na vitufe vya kupapasa au sauti. Kioo kitupu cha kugusa hakimwambii asiyeona kitu.

Yote haya yanahitaji ofisi. La leo halihitaji. Konda, makanga, dereva, mhudumu wa geti: ukimwona mwenye fimbo nyeupe, usimkokote kwa mkono, na usiishike fimbo yake. Msemeshe kwanza. Mpe kiwiko akishike yeye, utembee nusu hatua mbele yake. Taja gari lako linakwenda wapi hata kama hajauliza. Sogeza gari karibu na jukwaa. Muulize anashuka wapi, na mkifika, kitaje kituo kwa jina, kisha umwambie mlango uko kulia au kushoto na kama chini kuna mtaro.